Je, kuketi na kuhesabu gharama ya kumfuata Yesu ni kukosa imani?

Swali: "Shikamoo, Mchungaji. Nina miaka 28, ni mtunza stoo katika kampuni ya ujenzi. Mwaka jana niliongozwa sala ya toba kwenye mkutano wa injili, na sasa niko darasa la ubatizo. Mwalimu wetu amesema kwamba kabla ya kuandikisha jina, kila mmoja akae ahesabu gharama ya kuwa mwanafunzi wa Yesu. Rafiki yangu anasema huko ni kukosa imani, kwamba mtu wa imani hapigi hesabu, anasema ndiyo na mengine anamwachia Mungu. Kusema kweli, nilipoanza kuhesabu niliingiwa na hofu. Kazini huwa nasaini hati za mzigo ambao haukufika wote. Mama na wadogo zangu wanaishi kwa mshahara wangu. Tena mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na wazee wa ukoo wananitegemea kwenye matambiko. Je, niendelee kuhesabu au nibatizwe tu?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mwalimu wako hakukosea, na hofu iliyokuingia ni dalili kwamba umeanza kuitazama kwa macho mawili njia ambayo mwaka jana uliikubali kwa sala ya dakika chache. Agizo la kuketi kwanza na kuhesabu halikutungwa na walimu wa madarasa ya ubatizo. Yesu mwenyewe ndiye aliyelitoa, nalo limeandikwa katika Luka 14:25–33. Rafiki yako naye anagusa jambo la kweli, kwa kuwa wapo watu waliohesabu miaka nenda miaka rudi wakazeeka kabla hawajamfuata yeyote, na hilo nitalirudia mbele. Lakini kwanza tuisome sehemu hiyo kwa utulivu, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Luka anasema kwamba makutano mengi walikuwa wakifuatana na Yesu, naye alikuwa safarini kwenda Yerusalemu, safari ambayo tangu sura ya 9 mstari wa 51 tunajua inaishia msalabani. Mhubiri mwingine angeufurahia umati ule na kuuomba usogee karibu. Yeye aligeuka akawaambia mara tatu, katika mstari wa 26, wa 27 na wa 33, kwamba mtu wa namna fulani "hawezi kuwa mwanafunzi wangu". Alitaka watu wale wajue wanamfuata nani na anaelekea wapi kabla hawajafika mahali ambapo kurudi nyuma kungewavunja moyo kabisa. Nasema kwa uchungu kwamba mikutano yetu mingi hufanya kinyume chake: anayenyoosha mkono hutajiwa baraka zote na hatajiwi gharama hata moja, jina lake huandikwa kwenye daftari, idadi hutangazwa, na baada ya miezi sita hakuna anayejua alipo. Wanaoumia zaidi ni hao walioitwa, kwa sababu hubaki wakijiona wameshindwa jambo ambalo hawakuwahi kuelezwa.

Baada ya maneno hayo ndipo Yesu anatoa mifano miwili. Ule wa kwanza wewe wa kampuni ya ujenzi unauelewa kuliko mimi. Mtu anataka kujenga mnara. Asipoketi kwanza kuhesabu gharama, atapiga msingi kisha ashindwe kuumaliza, na kila apitaye atamdhihaki. Umeziona nyumba zilizoishia kwenye lenta, nondo zimeota kutu, mipapai imeota sebuleni, na jirani akipita anamtaja mwenye nyumba kwa jina na kutikisa kichwa. Mfano wa pili ni wa mfalme mwenye askari 10,000 anayesikia kwamba mfalme mwingine anakuja juu yake na askari 20,000. Huyu naye anaketi, anafanya shauri, na akiona hawezi, hutuma ujumbe kutaka masharti ya amani wakati adui bado yuko mbali.

Ukisoma haraka, utadhani kwamba Yesu anakwambia ukague kama una imani ya kutosha, ujasiri wa kutosha na akiba ya kutosha, na ukiona vipo ndipo uje. Wahubiri wengi huishia hapo, na nadhani hapo ndipo hofu yako ilipozaliwa, kwa kuwa ulikagua ukaona stoo haina kitu. Lakini tazama mstari wa 33 unavyohitimisha: "Basi, kadhalika kila mmoja wenu asiyeacha vyote alivyo navyo, hawezi kuwa mwanafunzi wangu." Hitimisho hilo linashangaza. Mjenzi anatakiwa awe navyo vya kutosha, mfalme anagundua kwamba hana vya kutosha, na mwanafunzi anaambiwa aviachilie hata hivyo alivyo navyo. Wapo wafasiri wanaoichukua mifano yote miwili kuwa onyo moja tu, kwamba mtu afikiri kabla ya kutenda, nami sikatai kwamba onyo hilo limo. Hata hivyo naona kwamba mstari huo wa mwisho unatupeleka mbali zaidi: anayehesabu kwa uaminifu atafika mahali ambapo hesabu haikubali, na hapo ndipo anapolazimika kuamua kama ataendelea kujitegemea mwenyewe au atajikabidhi, yeye na vyote alivyo navyo, kwa yule anayemwita. Kwa hiyo kuhesabu kwako hakushindani na imani. Kunakuonyesha ni kiasi gani unachopaswa kumkabidhi, na bila kukijua utasema umekabidhi yote huku umeshikilia nusu.

Petro ni mfano wa mtu ambaye hakuketi. Usiku wa chakula cha mwisho alisema yuko tayari kwenda na Bwana wake gerezani na hata kifoni, na naamini alikisema kwa moyo wake wote. Lakini alichokuwa amekihesabu ni ujasiri wake mwenyewe, na kabla ya jogoo kuwika ujasiri huo ulikwisha mbele ya kijakazi mmoja kando ya moto. Yule tajiri wa Marko 10 alihesabu vizuri kuliko Petro. Alielewa papo hapo kwamba anaombwa kila kitu, naye akaondoka kwa huzuni. Ninachotaka ukione ni kwamba Petro alirudi, na sababu ya kurudi kwake imeandikwa katika Luka 22:32, kwamba Yesu alikuwa amemwombea ili imani yake isitindike. Kilichomtegemeza hakikutoka kwake. Waefeso 2:8–9 inasema wazi kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu wala hautokani na matendo. Kwa hiyo gharama unayohesabu si ada ya kuingilia, wala hakuna siku utakayoambiwa kwamba umemaliza kulipa. Ni maisha utakayoishi kwa kuwa umepokewa bure na Bwana ambaye sasa ana haki juu ya kila chumba cha nyumba yako.

Sasa nije kwa mama yako, kwa sababu naona hili ndilo linalokunyima usingizi. Mstari wa 26 unasema kwamba mtu asipomchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi. Mathayo 10:37 inaeleza maana yake bila ukali huo wa maneno: apendaye baba au mama kuliko Yesu hamstahili. Hakuna mahali katika Injili ambapo kumfuata Yesu kunakuwa sababu ya kumwacha mama mwenye njaa. Katika Marko 7:9–13 aliwakemea vikali watu waliotangaza mali zao kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao, na katika Yohana 19:26–27, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 5:8, unamhesabu asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Basi mshahara wako uendelee kumlisha mama na kuwasomesha wadogo zako, na mtu yeyote akikuambia uutoe wote madhabahuni huku nyumbani kwenu hakuna unga, huyo anakufundisha kitu ambacho Yesu alikilaani. Kinachobadilika ni kwamba upendo wako kwa mama hautaamua tena mambo ambayo Bwana amekwisha kuyaamua. Siku utakapojikuta unasema "nitaiba kwa ajili ya mama", hapo umemfanya mama yako kuwa bwana wako, jambo ambalo naamini mwenyewe hajakuomba.

Kuhusu matambiko nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mila zinatofautiana na mwalimu wako anaijua ya kwenu kuliko mimi. Kufika msibani, kuchimba kaburi, kuchangia, kusafisha makaburi ya babu, kuwasalimia wazee kwa heshima na kukaa nao, haya yote yanakubaliana na imani yako, na Mkristo asiyeyafanya anawapa wazee sababu ya kuamini kwamba dini imemharibu. Kuwaomba marehemu, kuwatolea sadaka ya damu na kunuia kwa mizimu hutaweza tena. Nenda kwa wazee kabla ya siku ya tambiko, mchana, ukiwa umepiga magoti ikiwa ndiyo desturi yenu, uwaeleze kwamba utabeba kila wajibu wa mtoto wa kwanza isipokuwa huo. Huenda wakakasirika. Hiyo nayo iandike kwenye hesabu.

Nilisema nitarudi kwa rafiki yako. Akilijua Andiko vizuri, atakuuliza mbona towashi wa Kushi alibatizwa na Filipo siku ileile waliyokutana njiani, katika Matendo 8, na mbona watu wapata 3,000 walibatizwa siku ya Pentekoste. Ni swali zuri. Towashi yule alikuwa ametoka kuabudu Yerusalemu na alikuwa akisoma kitabu cha Isaya garini mwake, na umati wa Pentekoste ulikuwa wa Wayahudi na waongofu waliolelewa katika Torati. Walikuwa na miaka ya maandalizi nyuma yao. Mlinzi wa gereza la Filipi, katika Matendo 16, hakuwa na maandalizi hayo, naye alibatizwa usiku uleule. Lakini mtazame alichofanya katika saa ileile: aliwachukua Paulo na Sila, wafungwa waliokuwa chini ya ulinzi wake, akawaosha majeraha na kuwakaribisha mezani nyumbani kwake, yeye ambaye muda mfupi uliotangulia alikuwa amechomoa upanga ajiue kwa kudhani wametoroka. Alijua vizuri gharama ya kucheza na wafungwa wa Kirumi. Kwa hiyo urefu wa muda si kipimo. Mwingine huhesabu kwa miaka mitatu na mwingine kwa usiku mmoja, bali hakuna katika hao aliyebatizwa akiwa hajui anachokiacha.

Kanisa katika eneo letu lina ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili, nao uko Uganda. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita White Fathers, walifika katika ufalme wa Buganda mwaka 1879, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kwamba anayetaka ubatizo afundishwe na kupimwa kwa takriban miaka minne. Wengi waliuona muda huo kuwa mrefu kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari hao waliondoka wakahamia kusini mwa ziwa, wakarejea mwaka 1885. Katika muda huo wote waumini na wanafunzi wa ubatizo walibaki bila padre, wakikusanyika na kufundishana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakiongozwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu. Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Mwanga, kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, kwa kuamuru auawe James Hannington, askofu wa Kianglikana. Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake ya kuwalea vijana wa ikulu, alibatizwa wakati uleule, na mwezi Mei mwaka 1886, hatari ilipokuwa mlangoni, yeye mwenyewe aliwabatiza usiku vijana kadhaa waliokuwa bado wanafunzi, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Kesho yake kabaka aliwaamuru wanaosali wajitenge na wasiosali, nao wakajitenga. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo.

Napenda uyaangalie mambo mawili hapo kwa pamoja. Ubatizo wa Kizito ulifanywa kwa haraka kama ule wa Filipi, lakini uamuzi wake ulikuwa umepikwa kwa muda mrefu kati ya vijana waliojua kwamba Mukasa ameuawa na kwa sababu gani. Na kabaka alipotaka jibu, hapakuwa na nafasi tena ya kuketi. Hesabu hufanywa mapema, wakati mfalme yule mwingine bado yuko mbali, kwa sababu akishafika hakuna anayekupa kiti.

Kwako mfalme huyo ana sura ya lori la saruji. Tuseme limeleta mifuko 80, hati ya kupokelea mzigo inasema 100, na dereva anakupa kalamu pamoja na bahasha ndogo. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima ya saruji ambayo kampuni imeilipia na haitaingia kwenye zege. Fundi ataambiwa aongeze mchanga, na ipo siku familia ya mtu italala chini ya slabu hiyo. Nakuelezea hivi ili usiichukulie sahihi yako kuwa karatasi tu ya ofisini. Humo ndimo jirani ambaye Yesu amekuagiza umpende kama nafsi yako.

Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, katika Luka 3:12–14, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, tena watosheke na mishahara yao. Kwa hiyo sikushauri uandike barua ya kuacha kazi. Nakushauri uanze kuhesabu mifuko kwa sauti mbele ya dereva, uandike idadi iliyoshushwa, na usaini hiyo. Bahasha irudishe hapohapo. Inawezekana ukahamishwa, ukanuniwa, au ukafukuzwa kwa kisingizio kingine, nami sitakuahidi kwamba Mungu atazuia hilo, kwa sababu Yesu hakuahidi hivyo. Alisema msalaba hujitwikwa kila siku, Luka 9:23, na kwa mtunza stoo siku nyingi msalaba huo utakuwa namba moja tu iliyoandikwa kwa usahihi.

Kuhusu sahihi za zamani, Zakayo alisema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na katika Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, kurudisha kilichoibwa kulihesabiwa kuwa sehemu ya kuokoka yenyewe. Watu walikwenda kwa majirani na kwa waajiri wao kuungama na kulipa. Nawe utafika huko. Lakini usikimbilie ofisini kesho asubuhi peke yako, kwa kuwa jambo hili lina upande wa sheria na linawagusa wengine. Mweleze kwanza mchungaji wako yote, bila kupunguza, kisha mtafute mwanasheria, ikiwezekana pamoja, mjue utaungama kwa nani, kwa namna gani, na utalipaje kidogo kidogo bila mama kulala njaa. Yako yaungame yote; ya dereva na ya bosi yatakapoulizwa, sema kweli bila kuongeza.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho. Hesabu iwe na mwisho. Keti na mwalimu wako mpange tarehe, labda ubatizo ujao wa kanisa lenu, na kabla ya siku hiyo uwe umezungumza na wazee wa ukoo na umeanza kuandika namba za kweli kwenye hati. Kama tarehe ikifika ukaona bado unataka kubakiza chumba kimoja ambacho Bwana asiingie, mwambie mwalimu hivyo waziwazi, naye akusubiri. Lakini kama kinachokuzuia ni kwamba bado unaogopa, usiahirishe. Hofu hiyo utaingia nayo majini, na itakuwa nawe hata asubuhi ya lori linalofuata.

Nina ombi moja pia kwa mwalimu wako, basi umwonyeshe jibu hili. Kanisa linalomwambia kijana ahesabu gharama linapaswa nalo kuketi kuhesabu. Huyu akifukuzwa kazi kwa kukataa kusaini mzigo usiofika, ni nani kati ya washirika atakayempeleka mahali pengine penye kazi, na mfuko gani utanunua unga wa mama yake kwa mwezi wa kwanza na wa pili? Matendo 4:34 inasema kwamba miongoni mwa waumini wa kwanza hapakuwa na mtu mwenye mahitaji. Naomba wazee wa kanisa walizungumze hilo katika kikao na kuliandika kwenye kumbukumbu zao, kabla jina la kijana huyu halijaandikwa kwenye orodha ya ubatizo.